Mwaka wa Ghala la Tende

Habari ya kifo cha Mzee Mubarak ilinikuta gerezani. Si gereza la kufungwa, la kutalii. Mjukuu wangu Raya anasoma udaktari katika mji wa Cork, Ireland, mji ambao mvua yake hainyeshi ikakolea wala haiachi, na kwa kuwa nilisafiri masafa yote yale kwenda kumtazama, aliona lazima anionyeshe kitu. Basi akanipeleka kwa boti mpaka kisiwa kilichomo ndani ya bandari yao, penye ngome kubwa ya mawe. Zamani ilikuwa ya wanajeshi, kisha ikawa jela, ikarudi kwa wanajeshi, ikawa jela tena, na sasa ni mahali pa kuwachosha watoto siku za mapumziko. Tulipanda boti pamoja na familia zilizovaa makoti ya mvua ya rangi za peremende. Mtoto mmoja alikuwa akililia aiskrimu katika baridi ile, na baba mmoja mnene akitafuna viazi vya pakiti saa nne za asubuhi. Niliwadharau wote kwa pamoja bila ya kuwajua, jambo ambalo naliweza tangu ujana wangu.

Ndani ya ngome, duka la zawadi liko karibu kuliko choo, na hilo peke yake lilinitosha kujua nimefika wapi. Wanauza vikombe na taulo za jikoni zenye picha ya gereza, ili mtu akifuta sahani zake awakumbuke wafungwa. Raya alinunua sumaku ya kubandika kwenye friji. Halafu tukamfuata msichana mwembamba mwenye pua nyekundu kwa baridi, ndiye mwongozaji wetu, akatuingiza katika chumba cha mawe chenye dirisha dogo kule juu. "Babu, simama hapa," Raya akaniambia. "Hii mlango ndogo sana, utaonekana mkubwa." Nikasimama. Msichana yule akaanza kueleza, bila ya kupamba, kwamba watu walilala humu wamebanana, wakaugua, na wengi wakafia kisiwani wakazikwa huko juu pasi na majina. Kisha akatuomba tunyamaze kidogo kwa ajili yao. Yule baba wa viazi akaacha kutafuna. Wakati huo huo simu yangu ikatikisika mfukoni, na nilipotoka uani kuisikiliza, ilikuwa sauti ya Khalfan, mtu ambaye hatujapigiana simu miaka mingi. "Salaam alaikum," alisema. "Yule mzee wa kahawa kafa leo alfajiri, huko Sinaw. Nimeona nikwambie." Akakata simu. Raya akaniuliza nani kafa, nikamwambia ni mtu mmoja. "Rafiki yako?" "La. Nilimnywesha kahawa mara moja." Akacheka, akadhani nazeeka.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilizaliwa wapi, nani alinizaa, na tulipandaje ndege tukaja Oman, hayo yameshaandikwa na kila Mzanzibari mwenye kalamu, na kila mmoja babu yake alikuwa na mashamba ya karafuu yasiyomalizika kwa kutembea. Sitaongeza langu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na Kiingereza kizuri, mashine ya chapa niliijua kwa vidole kumi, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Msahafu, ambacho hakimsaidii mtu kuomba chumvi. Kwa sifa hizo nikaajiriwa ukarani katika idara iliyokuwa ikitengeneza ngome kongwe. Ngome niliyopelekwa mimi sitaitaja jina, maana waliopo sasa hawana kosa isipokuwa uvivu wa kuuliza. Iko mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Ibra, imekaa juu ya mwamba, na chini yake pana mitende na falaji, ule mfereji wa maji ambao watu wa huko wanagawana kwa zamu na kugombana kwa zamu pia. Mimi nilipanga chumba Ibra, nyuma ya duka la vipuri vya magari. Dirisha langu lilitazama ukuta, na kipoza hewa changu kilinguruma hata ikawa siwezi kujisikia nikifikiri, jambo ambalo katika umri ule si hasara kubwa. Kila asubuhi nilikunywa chai ya maziwa na chapati kwa Mhindi wa kona, kisha gari la idara likanichukua.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha ghorofa ya kwanza ndani ya ngome, kina harufu ya popo na ya lipu mbichi. Ilikuwemo meza moja, ya mashine yangu, na wengine wote walikaa mkekani. Aliyetuongoza tulimwita Mudiri. Alikuwa mtu wa kilemba kilichopangwa vizuri kuliko mawazo yake, mpenda udi, aliyeogopa mambo mawili duniani: barua kutoka juu, na kivuli cha Khalfan, kwa sababu Khalfan alikuwa mwenyeji wa mji ule na Mudiri hakuwa. Khalfan alinizidi miaka minane au tisa hivi. Funguo zote za ngome zilikuwa kiunoni mwake na birika la kahawa mkononi mwake. Kulikuwepo na mtaalamu pia, Mzungu wa kofia pana, aliyetuita marafiki zake na ambaye kwa mwaka mzima hakujua jina la hata mmoja wetu. Adhuhuri tukila pamoja sinia moja, wali na papa mkavu aliyechambuliwa kwa vitunguu na ndimu. Papa yule ndiye kitu cha pekee cha mwaka ule ninachokikumbuka kwa mapenzi. Mtaalamu alikuwa akila kwa kijiko, peke yake, mezani kwangu, akinimwagia mchuzi kwenye karatasi.

Siku moja baada ya kula nilijilaza katika chumba cha pili, na ukuta wa udongo una masikio mazuri. Nikamsikia Mudiri akimwambia mgeni wake: "Huyu wa Zanzibar anajua kuandika, wallahi, anaandika kama anakimbizwa. Lakini usimuulize kitu cha hapa. Hawa wamekuja na majina ya kabila zetu na hawajui hata kukaa mkekani. Mpe kahawa, atakushukuru kwa mdomo." Wakacheka. Ilikuwa kweli, nilikuwa nikishukuru kwa mdomo, pale wenyeji wanapotikisa kikombe tu. Tangu siku ile nikaapa kwamba hakuna mtu atakayeniona tena sijui kitu. Nisichokijua nitakifanya kana kwamba nakijua. Nakikumbuka kiapo kile na kijana aliyekila, na sijui nani wa kumdharau zaidi, yeye au Mudiri, lakini yeye namfahamu vizuri zaidi.

Haikupita wiki mbili akaja Mzee Mubarak. Namwita mzee kwa sababu ndivyo nilivyomwona, ingawa nikihesabu sasa hakufika miaka hamsini. Alikuwa bedui wa upande wa Sinaw, mkavu, mwenye nguo safi isiyopigwa pasi na bakora nyembamba mkononi. Mudiri hakuwepo, mtaalamu hakuwepo. Khalfan akamkaribisha, akamletea tende, akammiminia kahawa, akarudi mlangoni. Mgeni alikula tende moja. Kikombe alikipokea kwa mkono wa kulia, akakiweka chini mbele yake, juu ya mkeka, akaondoa mkono. Mimi nilikuwa mezani nachapa orodha ya vyumba, kwa sababu mtaalamu alitaka kila chumba kipewe jina kabla ya ngome kufunguliwa kwa watu.

"Ya waladi, mwanangu," alisema, na alizungumza taratibu, Kiarabu chepesi, nadhani alikwishaambiwa mimi ni mtu wa aina gani, nami nilimfahamu neno kwa neno. "Sina maneno mengi. Chumba kile cha chini, chenye pete ya chuma ukutani, ndicho tulichofungwa mimi na ndugu yangu Khamis. Liwali wa zama zile alitufunga kwa ugomvi wa kisima. Tulikuwa tumefungwa pete moja, mguu wangu na mguu wake. Mimi nilitoka. Khamis alishikwa na homa akafia pale, na nilikaa naye usiku na mchana mmoja kabla ya kuja kufunguliwa. Nasikia mnavipa vyumba majina. Kile kiacheni na jina lake, kilikuwa habsi, jela, kiitwe habsi. Na pete muiache pale ukutani. Nimemaliza."

Nilitakiwa niseme nini? Mtu mzima na akili zake angesema: mzee, mimi ni karani tu, nitafikisha maneno yako. Lakini nilikuwa nimeona haya, chumba kimekuwa kizito, na nilipotafuta mahali pa kutazama nikakiona kile kikombe chini kikitoa mvuke, hakijaguswa. Huko nilikokulia, kahawa ni ya barazani, ya kupigia soga. Mtu akimiminiwa anakunywa, asipokunywa ni kwa kuwa kaghafilika. Basi nikasema kwa uchangamfu wa mwenye nyumba: "Kunywa, mzee, kunywa. Inapoa."

Mzee Mubarak akaniinulia macho. "Unasema ninywe?"

"Sasa kahawa ya nini kama si ya kunywa? Tafadhali."

Akakitwaa kikombe, akakinywa chote, akakitikisa kuonyesha ametosheka, akamrudishia Khalfan. Kisha akainuka, akaja mpaka mezani, akainama akanibusu kichwani. Mtu wa makamu yake, mimi kijana wa mashine ya chapa. "Allah yijzik kheir," akasema, Mungu akulipe kheri, akatoka. Nilibaki nimejawa na furaha. Nilidhani nimejua kukirimu.

Khalfan alisimama mlangoni na birika lake, kanikodolea macho. "Unajua umefanya nini?" akaniuliza. Nikamwambia nimemkirimu mgeni. "Umempa chumba," akasema. Akanieleza, na ndipo nilipopata habari ya desturi ile: mtu akija kwako na haja iliyomfika rohoni, huipokea kahawa akaiweka chini asiiguse, akasema haja yake, akangoja. Ukimwambia kunywa, umekubali. Akinywa, ahadi imefungwa, na mashahidi ni waliopo. "Na aliyekuwepo ni mimi," akasema Khalfan. Halafu akanitazama vizuri zaidi. "Au wewe hukujua? Kama hukujua sema, si aibu. Bado yuko chini, hajawasha gari lake. Mkimbilie umwambie." Nikaenda dirishani. Nilimwona Mzee Mubarak kule chini kwenye kivuli cha ukuta, kavua kilemba anakikung'uta vumbi, hana haraka, mtu aliyetua mzigo. Ngazi zilikuwa ishirini na chache. Nikasikia kicheko cha Mudiri masikioni mwangu, nikageuka nikamwambia Khalfan: "Nilijua. Nilifanya kwa kusudi."

Uongo ule ulinilipa vizuri kuliko kweli yoyote niliyowahi kusema. Khalfan hakunyamaza, na mji ule ni mdogo. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa naalikwa nyumba ambazo kabla yake hazikunijua. Nikakalishwa karibu na mwenye nyumba, nikawekewa kichwa cha mbuzi mbele yangu, na wazee wakawa wananiita ibn akhi, mwana wa ndugu. Mmoja alisema mbele ya watu kwamba damu haipotei, hata ikivuka bahari ikarudi. Nami nikawa natikisa kichwa kwa unyenyekevu, huku nakula wali wao. Khalfan alianza kunifundisha mambo bila ya mimi kuuliza, jinsi ya kukaa, jinsi ya kuulizana habari kabla ya jambo lenyewe, na kila kahawa alinimiminia mimi kabla ya wengine wa rika langu. Sijapata kuheshimiwa vile tena, hata nilipokuwa na ofisi yenye zulia. Heshima yote ile niliipata kwa ajili ya ahadi ambayo sikuwa na nia wala uwezo wa kuitimiza. Nilijiambia kwamba siku ikifika nitasema na Mudiri, na kwa vile siku ilikuwa haijafika, nilijiona mtu mwema.

Siku ilifika msimu wa baridi. Mtaalamu alikuwa amezunguka ngome nyingine za bara akavutiwa na kitu kimoja: maghala ya tende, yale yenye vijifereji sakafuni, ambapo magunia hupangwa na asali ya tende hutiririka mpaka mtungini. Alipenda zaidi hadithi ya maaskari kuichemsha asali ile na kuwamwagia maadui kutoka juu ya mlango. Akasema watalii wanaipenda, na ngome yetu haina. Tukashuka sote chumba cha chini, yeye, Mudiri, mimi na daftari langu, na Khalfan na funguo. Mtaalamu akapima kwa hatua, akasema patatosha. Mudiri akaitazama ile pete ya chuma ukutani, na nakuapia alijua ni pete ya nini, hakuna Mwarabu asiyejua. Lakini alitaka aambiwe na mtu mwingine, ili barua ikija kutoka juu awe na wa kumtupia. Akanigeukia mimi. "Wewe umekaa sana na watu wa hapa siku hizi, wanakupenda. Yupo anayesema chumba hiki kilikuwa kitu kingine?"

Wiki ile ile alikuwa amenidokeza kwamba ofisi ya Nizwa inataka karani mkuu, na kwamba jina langu liko kwenye ulimi wake. Nataka nijitendee haki: sikufikiria Nizwa peke yake. Nilifikiria pia kwamba nikitamka neno jela, mimi mgeni, Mzanzibari, nitaonekana nawachimbia wenyeji makaburi yao. Hizo ni sababu, na zote mbili hazifai hata kufungia bizari. Nikasema: "Hakuna." Khalfan alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilisikia funguo zake zikigongana, akapanda ngazi akatuacha.

Pete ilikatwa kwa msumeno, kipande kilichobaki ndani ya ukuta kikafukiwa kwa lipu. Vile vijifereji vya asali vilichongwa na fundi mmoja kutoka mbali, kwa siku nne, akifuata mchoro wa mtaalamu. Nilikuwepo, nilimpa maji ya kunywa. Magunia ya majani ya mtende yalisukwa mapya, na mtungi wa asali ulinunuliwa sokoni Nizwa. Kibao cha mlangoni nilikichapa mwenyewe kwa lugha mbili, Ghala la Tende, na chini yake maelezo mafupi ya asali ya moto na maadui. Watu wanaipiga picha mifereji ile mpaka leo. Nimewaona maprofesa wamepiga magoti wanaipima.

Siku ya kufunguliwa kulikuwa na ngoma, wanaume wa kucheza na panga, halwa ya aina tatu, na hotuba ambazo hata waliozitoa hawakuzisikiliza. Mimi nilikuwa katika safu ya wapokeaji, nimevaa kanzu mpya, jina langu limeshapitishwa Nizwa. Mzee Mubarak alikuja pamoja na watu wake watatu au wanne. Nadhani alikuja kuwaonyesha. Aliwaongoza kushuka ngazi kama mtu anayeijua njia, nami nilisimama juu uani nikasikiliza sauti zao zikiteremka, kisha zikanyamaza. Walikaa kule chini muda mfupi sana. Alipotoka hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha kuliko bakora yake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye safu. Khalfan akammiminia kahawa. Mzee Mubarak akaipokea, akanitazama mimi, akamrudishia Khalfan kikombe kimejaa. "Ile ya kwanza bado iko tumboni mwangu," akaniambia, kwa sauti ya kawaida, mbele ya Mudiri na wageni wote. Akawachukua watu wake wakaondoka. Mudiri akauliza yule bedui kasema nini, nikamwambia anaumwa na tumbo.

Tangu siku ile Khalfan hakunimiminia kahawa tena. Hakunigombeza, hakuninyima salamu. Aliweka birika mbele yangu na kikombe pembeni, nijimiminie mwenyewe, na kwa watu wa kule hiyo ni habari ndefu. Nyumba zilizokuwa zikinialika zikawa na shughuli. Mwezi uliofuata nikahamia Nizwa, nikapandishwa, nikapandishwa tena, nikastaafu na ngao ya kioo yenye picha ya ngome. Nimeishi maisha mazuri, na sidai kwamba nilikuwa nikikosa usingizi kwa ajili ya bedui mmoja. Nililala vizuri tu, na hilo nalo naliandika hapa, lihesabiwe.

Ila katika chumba kile cha mawe kule Ireland, pamoja na vikombe vyao na taulo zao, nilikereka. Nilikuwa nimejiandaa kuwacheka. Wanauza sumaku, wanalipisha watu boti, lakini mlangoni wameandika jela, na msichana wa mshahara mdogo anasimama kwenye baridi kila siku anawaambia wageni kwamba hapa walikufa watu. Hakuna aliyewazuia kuweka tende. Raya aliniuliza kwenye boti tukirudi: "Babu, kwetu hakuna ngome walifunga watu?" Nikamwambia zipo. "Mbona wewe umefanya kazi huko miaka yote, hujanionyesha?" Nikamwambia aangalie ndege wa baharini.

Nilibadilisha tiketi yangu siku ile ile. Nilifika Maskati asubuhi ya siku ya tatu ya msiba, nikachukua gari pale pale. Bidbid, njia inapogawanyika na upande mmoja kwenda Nizwa, mkono wangu uliuzungusha usukani kuelekea Nizwa kwa mazoea, na ikanilazimu nigeuze mbele ya vituo vya mafuta, madereva wa malori wananipigia honi. Nikaingia Sinaw adhuhuri. Matanga ya wanaume yalikuwa kwenye sabla ya mtaa wao, ukumbi mrefu wenye mazulia na mito ukutani. Nikapita safu nzima nikiwapa mkono. Mwenye msiba alikuwa Said, mtoto wake mkubwa, mtu wa miaka zaidi ya sitini, mkavu vile vile. Khalfan alikuwepo, amezeeka, kakalia kiti kwa ajili ya magoti. Nikakaa mkekani, nikala tende moja. Said mwenyewe akanimiminia kahawa. Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikaiweka chini mbele yangu, nikaondoa mkono.

Vijana waliokuwa karibu hawakuona kitu, walikuwa na simu zao. Wazee waliona. Mazungumzo yakapungua sauti, na Said akabaki amesimama na birika.

"Sema haja yako, ammi," akasema.

Nikamwambia mimi ni nani. Akasema anajua mimi ni nani. Nikasema: "Chumba cha ami yako Khamis nilikiandika uongo kwa mkono wangu. Nina watu ninaowajua bado kule idarani. Nataka ruhusa yenu nikakiandike kweli. Na nataka mnisamehe."

"Baba alikuwa akienda kila mwaka," akasema Said. "Kila mwaka nilimpeleka mimi. Analipa kiingilio, anashuka, anakaa juu ya yale magunia ya tende pale pale ilipokuwa pete. Mwongozaji anakuja na wageni, anamweleza na yeye habari ya asali ya moto. Baba anasikiliza mpaka mwisho."

"Na hakuwaambia kitu?"

"Nilimwambia awaambie. Alinijibu kwamba alishaomba mara moja, akakubaliwa, akanywa. Haombi mara ya pili kitu alichokwishapewa."

Nilimtazama Khalfan, na Khalfan alikuwa akitazama zulia. Said akainama, akakichukua kikombe changu kilichokwisha kupoa, akaimwaga kahawa yake ndani ya bakuli la maji ya kusuuzia vikombe. Akakisuuza, akamimina nyingine ya moto, akaniwekea mkononi. "Kuandika kaandike, hilo halihitaji ruhusa, ni deni," akasema. "Hii ni kahawa ya msiba, kunywa kama wenzio. Ile uliyoiweka chini, wa kukwambia uinywe tumemzika juzi."

Mgeni mwingine alikuwa ameshaingia mlangoni na safu ilikuwa inainuka kumpokea. Nikanywa. Kisha nikakitikisa kikombe kama desturi inavyotaka, maana yake nimetosheka, nikamrudishia.